Sehemu Isiyo ya Siri

Mpwa wangu hupiga simu saa tisa usiku. Kwake Goose Creek, katika jimbo la South Carolina, ni saa mbili usiku, ametoka kula, ana nusu saa ya maongezi kabla hajapiga pasi sare za kesho. Kwangu Tanga majogoo bado hawajawika, lakini mwalimu mstaafu halali sana, kwa hiyo hatusumbuani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Leo umefanya nini?"

"Leo nimefagia."

Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa. Yeye amezaliwa na kukulia Marekani, Kiswahili chake kimetoka jikoni kwa mama yake, lakini hilo halijampotea.

Anasomea kuendesha vinu vya nyuklia katika jeshi la majini la Marekani. Amesaini miaka sita. Nilipopata habari nilifurahi kwa uchoyo wa kitaaluma. Nimefundisha fizikia sekondari zaidi ya miaka thelathini, nikiwachorea watoto atomu ubaoni kwa chaki ya rangi tatu, na sasa katika ukoo wetu amepatikana mtu atakayeiona atomu ikifanya kazi. Nikadhani nimepata wa kuzungumza naye uzeeni. Kumbe masomo yale ni siri. Madaftari hayatoki nje ya jengo, simu haziingii ndani, na anayetaka kudurusu hurudi darasani kwa miguu yake, hata usiku, hata Jumapili. Nikimuuliza swali dogo tu, hata la joto la maji, huvuta pumzi na kusema, "Siwezi, mjomba." Nikimuuliza habari za ufagio, ananieleza mpaka urefu wa mpini.

Kwa hiyo karibu yote niyajuayo kuhusu elimu ya mpwa wangu ni habari za siku ambazo hakusoma. Na siku hizo ni nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kwenye karatasi safari yenyewe si ndefu. Kuruta hupikwa kwanza Great Lakes, jimbo la Illinois, pamoja na makuruta wengine wa jeshi hilo. Kisha hupelekwa Goose Creek, karibu na Charleston, akasomee fani: fundi mitambo kwa miezi mitatu hivi, wa umeme na wa elektroniki kwa miezi sita. Inayofuata ni shule ya nguvu za nyuklia, miezi sita mingine ya hisabati, kemia, fizikia ya vinu, joto na mtiririko wa maji, alama zikihesabiwa mpaka 4.0, na 2.5 ndiyo mstari wa kufa na kupona. Mwisho kabisa ni miezi sita mbele ya kinu cha kweli, kinachofanya kazi, ama hapo hapo Charleston ama kaskazini kwenye jimbo la New York, karibu na mji wa Ballston Spa. Ukijumlisha unapata mwaka mmoja na nusu na ushee. Ila hapo hujajumlisha mapengo.

Wenyewe huiita njia hii bomba, na mwalimu wa fizikia hawezi kuliacha neno kama hilo lipite bure. Maji hayabanwi, yanayoingia upande huu lazima yatoke upande ule. Watu hubanwa. Vijana huingia kwa wingi wakati wa kiangazi, wametoka kumaliza sekondari. Madarasa hufunguliwa kwa tarehe zake. Fundi mitambo humaliza fani yake mapema kuliko wa umeme. Na mwishoni kuna kinu, ambacho hakiongezwi viti kama ukumbi wa harusi. Mwanafunzi lazima akae mwenyewe mbele ya zile mita, ashike swichi kwa mkono wake huku mwalimu amesimama nyuma yake. Kinu kikiwa kwenye matengenezo hakimfundishi mtu. Basi foleni hurudi nyuma, darasa kwa darasa, mpaka imfikie kijana aliyefaulu mtihani leo, na ambaye kesho asubuhi, badala ya kinu, atakabidhiwa reki.

Anakusanya majani ya misonobari, membamba kama sindano, ambayo yanaanguka tena kabla hajamaliza safu. Anasimama zamu mlangoni akikagua vitambulisho. Anapokea simu katika ofisi ambayo haina simu nyingi. Anasugua sakafu iliyosuguliwa jana na mwenzake, naye mwenzake huyo anasubiri vilevile. Kwa Kiswahili cha Tanzania tunalo neno lake: yuko benchi.

Nalijua benchi hilo. Nilipomaliza chuo cha ualimu niliambiwa nirudi nyumbani, nitapangiwa kituo. Nilisubiri miezi kumi na mmoja. Kila Ijumaa nilikwenda kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani katika ofisi moja, nikipitisha kidole kwenye majina ya watu wengine, kisha nikashuka bandarini ambako nilikuwa nimepata kibarua cha kuhesabu marobota ya mkonge. Fedha ilikuwa kidogo lakini haikuniuma kama swali. Mtu akikutana nawe njiani akuulize unafanya kazi gani, unamjibu nini? Mwalimu? Hujawahi kufundisha. Mwanafunzi? Umemaliza. Mhesabu marobota? Mama angelia. Nilijifunza kutembea kwa haraka ili nionekane nina ninakokwenda.

Na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu mpaka mpwa wangu alipolisema yeye kwanza.

"Mjomba, vinatoka kichwani."

"Nini?"

"Vyote. Nilivyosoma. Nikifagia nahisi vinatoka."

Nilimwelewa papo hapo. Mwezi wa saba wa kusubiri kwangu nilikaa usiku mmoja na penseli nikajaribu kukokotoa mwendo wa pendulumu, kitu nilichokuwa nikikifanya huku nasinzia, nikakwama mstari wa tatu. Nilitoka jasho. Watu husema elimu haiozi. Wanaosema hivyo hawajawahi kuiacha miezi saba kwenye joto la Tanga.

Aliyeijenga shule hii ya mpwa wangu, kwa maana ya roho yake, alijua kumweka mtu katika hali ya kusubiri, na alijua kwa nini. Hyman Rickover alizaliwa mwaka 1900 Maków, katika Poland ya chini ya Urusi, akavushwa bahari akiwa mtoto, akaingia jeshi la majini la Marekani na kukaa humo mpaka 1982. Nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus, iliyozinduliwa mwaka 1954, ni kazi yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Maofisa wote walioomba kuingia katika mradi wake aliwahoji mwenyewe, mmoja mmoja. Kiti cha mhojiwa kilikatwa miguu ya mbele kidogo ili mtu awe anateleza. Asiyemridhisha kwa jibu alipelekwa kukaa ndani ya stoo ya mafagio, atafakari, kisha aitwe tena. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu: hata hapo ufagio haukukosekana.

Mmoja wa waliokalia kiti kile alikuwa Luteni Jimmy Carter, mwaka 1952. Rickover alimuuliza alishika nafasi ya ngapi chuoni. Carter akajibu kwa fahari kwamba alikuwa wa 59 kati ya 820. Akaulizwa kama alijitahidi kwa uwezo wake wote. Ulimi ulitaka kusema ndiyo, akajizuia, akakiri kwamba si kila siku. Mzee akakizungusha kiti chake na kumpa mgongo, kisha akamuuliza kwa nini. Carter alikaa hapo kidogo, ameshtuka. Mwisho akaondoka, na akakubaliwa. Akalibeba swali hilo miaka mingi mpaka akalifanya jina la kitabu mwaka 1975.

Lakini yaliyofuata ndiyo yanayonivutia zaidi, na watu huyapita haraka kwa sababu wanakimbilia ikulu. Carter alipelekwa Schenectady, New York, kusomea na kusomesha mabaharia watakaoendesha Seawolf, nyambizi ya pili, ambayo bado ilikuwa inajengwa. Yaani alikuwa ndani ya bomba lile lile, kabla halijawa na jina wala majengo. Desemba 1952 kinu cha utafiti cha Chalk River, Canada, kiliharibika, na timu yake ikaitwa kwenda kusaidia kukifungua. Mionzi ilikuwa kali kiasi kwamba kila mtu angeweza kukaa ndani dakika moja na nusu hivi, basi. Wakajenga mfano wa kinu kile kwenye uwanja wa tenisi, wakawa wanafanya mazoezi: ingia, fungua skrubu, toka. Mazoezi ya saa nyingi kwa kazi ya sekunde tisini. Julai 1953 baba yake alifariki, na Oktoba akaacha jeshi kwenda kushika shamba la karanga Georgia. Seawolf ilishuka majini mwaka 1955 bila yeye. Alikuja kupanda nyambizi ya nyuklia, Los Angeles, mwaka 1977, akiwa rais, Rickover yuko pembeni yake, abiria mwenye heshima zote. Kama baharia wa nyuklia, yote aliyoyafanya aliyafanya akiwa anasubiri.

Nilimsimulia mpwa wangu. Akasema, "Mjomba, huyo alikuwa ofisa. Sisi watu wa chini hatuhojiwi na mtu. Sisi tunapewa reki."

Sawa. Basi usiku mwingine nikamjia kwa upande wangu, wa ubaoni.

"Sikiliza. Haya nitakayosema yamo katika kitabu chochote cha fizikia cha chuo kikuu. Wewe nyamaza tu."

Nikamweleza. Atomu ya urani ikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, na hizo zikapasue nyingine. Karibu zote huruka papo hapo, na katika kinu cha maji kizazi kimoja cha nyutroni huishi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kama mambo yangeishia hapo, hakuna mkono wala mashine ambayo ingewahi. Nguvu ya kinu ingepanda na kushuka kabla hujafumba jicho. Lakini katika kila nyutroni elfu moja zitokanazo na urani ile, sita au saba hivi hazitoki wakati huo. Hujificha ndani ya vipande vya atomu iliyopasuka, bromini na wenzake, zikatoka baadaye: sekunde moja, sekunde kumi, na kundi la mwisho kabisa huchukua sekunde hamsini na tano ili nusu yake itoke. Na kinu hupangwa makusudi kisijitosheleze bila hizo chache. Wale wote wenye haraka, mia tisa tisini na kitu, hawawezi kusogeza mlolongo mbele mpaka waliochelewa wafike. Kwa hiyo mtambo mzima hutembea kwa mwendo wa wachelewaji, na ndiyo sababu binadamu mwenye mkono mzito kama wangu anaweza kuuongoza.

Kimya. Simu ikawa inavuma kidogo, kama bahari ndani ya kome. Kisha akacheka.

"Hayo umesema wewe, mjomba."

"Nimesema mimi."

"Basi hapa tuna nyutroni nyingi zenye mafagio."

Nilijiona mjanja siku mbili nzima. Siku ya tatu nikauona udhaifu wa mfano wangu. Nyutroni haijui kwamba inachelewa. Haiulizwi na mtu inafanya kazi gani.

Nikaacha fizikia, nikageukia lugha, ambayo mara nyingi inajua zaidi. Tuna kusubiri, tulikokupata kwa Waarabu, na ndani yake mna subira, uvumilivu, mtu na nafsi yake. Na tuna kungoja, ambako ni kwetu. Wazee waliposema mngoja mlango walimaanisha bawabu. Mngojezi alikuwa mlinzi. Mtu aliyengoja shamba hakuwa amekaa akitarajia shamba lije, alikuwa analilinda. Tumeiacha kidogo kidogo ile maana ya kulinda, leo kungoja ni kupoteza muda kwenye kituo cha daladala, lakini neno bado linayabeba yote mawili.

Na hiyo, kwa kadiri ninavyoweza kuelewa kutoka nje, ndiyo kazi anayosomea. Atakaa mbele ya ukuta wa mita na taa. Ataandika namba kwa saa zake. Nyambizi itakuwa chini ya maji kwa wiki, kwa miezi, na kwenye zamu yake, Mungu akipenda, hakuna kitakachotokea. Hata kinu kikizimwa hakiachwi. Sekunde chache baada ya kuzimwa bado kinatoa joto kama asilimia sita au saba ya nguvu yake, saa moja baadaye kama asilimia moja na kitu, na joto hilo lazima liondolewe na mtu aliye macho. Baadhi ya vinu, ukivizima ghafla, hununa: iodini iliyomo hugeuka zenoni, zenoni humeza nyutroni, na hufikia kilele baada ya saa kumi hivi, kabla haijaanza kupungua. Huwezi kuvibembeleza. Unavingoja.

Nilikuwa karibu kumwandikia haya yote, nimwambie kwamba ufagio ni somo la kwanza, kwamba subira huvuta heri, methali ambayo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko kanuni ya Newton. Kilichonizuia ni Thresher.

Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi hiyo ilikuwa kwenye majaribio ya kuzama kina kirefu, mashariki ya Cape Cod, watu 129 ndani. Uchunguzi ulihitimisha kwamba huenda kiungo cha bomba la maji ya bahari kiliachia, maji yakarukia vifaa vya umeme, na kinu kikajizima. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba kinu kikijizima, mvuke ufungwe ili kisipoe kupita kiasi, kisha kiwashwe upya hatua kwa hatua. Utaratibu mzuri, wa watu makini, uliotungwa kukilinda kinu. Lakini nyambizi isiyo na msukumo, nzito, katika kina kile, haina dakika za kutoa sadaka. Na hewa ya kusukuma maji kutoka kwenye matangi yake nayo ilishindwa kufanya kazi. Wote walikufa. Baadaye njia ya kurudisha nguvu haraka ilitengenezwa, na usalama wa nyambizi ukawekewa kanuni mpya kabisa. Siwezi kumwambia kijana anayesomea kazi hii kwamba kungoja ni kuzuri. Sehemu ya ufundi wake ni kujua dakika ambayo kungoja kunageuka kuua, na sijui somo hilo hufundishwaje kwa reki.

Nikamwandikia tu kwamba nami nilihesabu marobota. Akajibu kwa picha ya kidole gumba.

Dada yangu alikwenda kumtembelea mwisho wa juma moja. Yeye ndiye aliyenisimulia mahali penyewe, joto la kunata kama la kwetu, mbu, vinyesi vya bata bukini, miti yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia. Gatini, nyuma ya ulinzi, kuna nyambizi ambazo haziendi popote. Mojawapo ni San Francisco, ambayo tarehe 8 Januari 2005 iligonga mlima chini ya bahari kusini-mashariki mwa Guam kwa kasi yake yote. Baharia mmoja alifariki na karibu mia moja waliumia, lakini iliibuka na kurudi bandarini. Ikaunganishwa pua iliyokatwa kutoka nyambizi nyingine, Honolulu, ikaendelea kutumika, na ilipozeeka ikageuzwa darasa. Imefungwa kamba, kinu chake kinafanya kazi, vijana wanapokezana zamu ndani yake. Dada hakuiona, hakuruhusiwa hata kusogea. Aliambiwa tu iko upande ule.

Mto unaopita hapo unaitwa Cooper. Siku ya pili walishuka nao kwa gari mpaka Charleston, kwenye jumba la makumbusho ya Waafrika wa Marekani lililofunguliwa 2023 mahali palipokuwa gati la Gadsden. Dada akanipigia akiwa nje, sauti imebadilika.

"Kaka, walikuwa wanawekwa hapa ghalani wakingoja bei ipande."

Miaka ya mwisho kabla biashara ile haijapigwa marufuku mwaka 1808, meli ziliwashusha watu hapo kwa maelfu. Wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo, lakini zilikuwepo pia meli zilizotoka Msumbiji, pwani yetu hii ukishuka kusini kidogo. Baadhi ya waliouzwa walipandishwa mto huo huo kwenda kulima mpunga. Huko watumwa waliwekwa mashambani kuamia ndege, kwa kelele na makofi, tangu alfajiri, kama ambavyo bibi yetu alituweka sisi bondeni kuamia ndege wa mpunga wake. Sifananishi. Mpwa wangu analipwa mshahara, anakula mara tatu, na alisaini kwa mkono wake mwenyewe. Ila kila nikisikia jina la mto ule namwona amesimama kando yake na reki, na nyuma yake, mbali, kuna watu wengine wamesimama kando ya maji wakingoja kitu kilichoamuliwa na mtu mwingine. Yeye aliniambia hajawaza hivyo. Alisema pale makumbusho alisoma kila kibao mpaka mama yake akachoka miguu. "Nina mazoea ya kusoma, mjomba. Na sikuwa nimesoma kitu muda mrefu."

Orodha ya waliopangiwa vinu ilitoka mwezi wa kumi na mbili. Kabla yake kila mmoja alikuwa amejaza karatasi ya mapendeleo, ambayo mabaharia huiita karatasi ya ndoto, kwa kejeli. Aliandika Charleston, kwa sababu ya joto. Amepangiwa New York, aripoti Januari.

Dada alianza kununua soksi siku hiyo hiyo. Akanunua na kofia ya sufu ambayo haitaruhusiwa na sare. Mimi nilifungua ramani, nikaitafuta Ballston Spa, nikaona kwamba Schenectady ya Carter iko jirani tu, nikataka kumpigia nimwambie, nikakumbuka kwamba huko sasa ni asubuhi, yuko anafagia kwa mara za mwisho. Usiku alipopiga yeye nilikuta hana hamu ya Carter. Alikuwa na wasiwasi wa theluji. Alikuwa anauliza gari lake kuukuu litafika au halitafika. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwamba reki yake alikuwa ameifunga utepe kwenye mpini ili mtu mwingine asiichukue, na leo ameufungua utepe, ameirudisha stoo.

Tangu Januari saa zake zimeharibika. Kule kazi ni ya zamu, saa kumi na mbili kwa siku, mchana wiki hii, usiku wiki ile, na kila kipengele cha mtambo lazima akieleze mbele ya mtu mpaka atiwe sahihi kwenye kadi yake. Hilo ndilo neno la mwisho nililopata kuhusu elimu yake. Sasa anapiga saa sita mchana, nikiwa sokoni, au jioni kabisa wakati wa habari. Juzi alipiga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Vipi kazi?"

"Nzuri."

"Umefagia?"

"Hapana. Siku hizi sifagii."

Nikangoja. Naye akangoja. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa huko kwake, na upepo.

"Masika yameanza?" akauliza.

Nikamwambia yameanza, na paa la upande wa jikoni linavuja tena, mahali pale pale, nikamweleza kwa kirefu fundi alivyokuja, alivyopanda, bati alilolitoa na misumari aliyoisahau, kwa kuwa hayo nayo si siri.